Finjani Iliyowekwa Chini

Khelef bin Nadhir hakuwa mtu wa kugombana na plastiki. Maishani mwake alishagombana na injini za magari, na mbuzi wa jirani, na mkewe Bi Rahila karibu kila siku ya Mungu. Lakini siku ile Shukriya wa mapokezi alipomfungulia kiboksi na kumwonesha tepe za kuvaa mkononi, za kijani upande mmoja wa kiboksi na nyeupe upande wa pili, alihisi damu inampanda kichwani.

"Ami Khelef," Shukriya akasema kwa Kiarabu, maana Kiswahili hakukijua, "wanaolala kambini watavaa kijani. Wanaokuja kutembea na kurudi zao watavaa nyeupe. Wewe utawamiminia wa kijani. Wa nyeupe watanunua kwenye mashine."

"Mashine gani?"

Akamwonesha kwa kidevu. Kando ya nguzo ya hema ilisimama mashine ya kahawa, ndefu, bado imefungwa nailoni yake. Khelef akaitazama kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayetazamishwa mke mwenza.

Kambi yenyewe, ya watalii, iko nje kidogo ya Al Mintirib, pale nyumba zinapokwisha na mchanga wa Wahiba unapoanza. Kazi ya Khelef ilikuwa moja. Alisimama mlangoni mwa hema la wageni, mdila wa kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kanzu imepigwa pasi na kilemba kimekaa sawasawa, akamkaribisha kila aliyefika. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyevuka kizingiti kile bila ya kupewa tende na kahawa. Wamepita Wajerumani, wamepita Wachina, wamepita walimu wa Nizwa na wanafunzi wao, wamepita watu waliopotea njia wakaja kuuliza tu. Wote walikunywa.

Kazi hii hakuzaliwa nayo. Alizaliwa Malindi, mjini Unguja, kwenye nyumba iliyotia tangawizi ndani ya kahawa, akaletwa Ibra na wazee wake mwaka wa sabini na nne akiwa na umri wa miaka kumi na tano. Wiki ya kwanza walialikwa kwa majirani. Akapewa finjani yenye kahawa kidogo chini, ya kulowesha ulimi tu, akasema moyoni, hawa jamaa zetu mabahili kweli. Akainywa. Akatiwa tena. Akainywa. Hakuna aliyemwambia kwamba ukitosheka unaitikisa finjani kabla ya kuirudisha, na usipoitikisa mwenye mdila hana ruhusa ya kuacha. Alifika finjani ya kumi na moja, moyo unamwenda mbio, baba yake anamtolea jicho, ndipo mtoto wa nyumba ile alipomhurumia akamshika mkono na kumtikisia.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuchekesha. Mwaka uliofuata jirani yao mmoja, Bedui mtu mzima, alikuja kumtembelea mzee Nadhir. Akapewa kahawa, akaiweka chini mbele yake, hakuigusa. Mzee Nadhir akadhani tangawizi imemshinda. Akamtuma Khelef jikoni akabadilishe. Ikaja nyingine, ya iliki, ikawekwa chini vilevile. Khelef akarudi jikoni mara ya pili, mara ya tatu, mwisho wakamletea chai ya maziwa. Yule bwana akainuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Walikuja kuambiwa baadaye. Huku Sharqiyah, mgeni mwenye haja kubwa haanzi kwa maneno. Anaiweka finjani yake chini, imejaa kama alivyopewa. Mwenye nyumba akiona hivyo anajua, naye humwambia, kunywa kahawa yako, haja yako imekubaliwa. Mgeni hunywa kwanza, halafu ndiyo huisema haja yenyewe. Mwenye nyumba ameshakubali kabla ya kujua amekubali nini, na neno likishatoka halirudi. Yule jirani alitaka gari ya mzee Nadhir, pikapu pekee mtaani, akamchukue bibi harusi wa mwanawe. Bibi harusi aliletwa juu ya lori la kokoto, na nyumba mbili zile hazikusemeshana miaka miwili.

Khelef hakusahau. Aliendesha bauza la maji la serikali miaka thelathini, akapeleka maji vijiji vyote vya ukingo wa mchanga, na kila alikofika alikaa, akanywa kahawa, akatazama wenyewe wanavyofanya. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi minne. Mwezi wa tano Bi Rahila alimwambia, "Baba Nada, ama utafute pa kwenda asubuhi, ama nitafute mimi." Ndipo Yazeed akamchukua. Yazeed alikuwa mwenye kambi na rafiki yake wa tangu ujana, mtu ambaye wazee wake walitoka Tabora, na wawili hawa walikuwa wakizungumza Kiswahili kutwa, kila mmoja akikicheka cha mwenzake. Siku ya kwanza Yazeed alimwambia, "Dereva ninaye, mlinzi ninaye. Nataka mtu wa kusema karibu."

Yazeed alifariki miaka miwili iliyopita, Mungu amrehemu, na kambi ikaangukia kwa mwanawe Maen, kijana wa miaka thelathini na moja aliyekulia Maskati na kusomea mambo ya hoteli ng'ambo. Na tuseme kweli, kijana si mbaya. Aliikuta kambi inapumua kwa shida. Kila Ijumaa zilikuja gari arubaini za watu wa matembezi. Watoto walibingirika juu ya mazulia, watu wakala tende, wakanywa kahawa, wakapiga picha na ngamia, wakaacha karatasi za pua chini ya mito, wakaondoka hata chupa ya maji hawakununua. Wafanyakazi walikuwa kumi na wanane na wote walikula kwa mkono wake. Mtu mwingine angeuza.

Lakini Khelef hakuwa na moyo wa kufikiri hayo siku ile. Alikwenda moja kwa moja ofisini, mdila bado umo mkononi.

"Shikamoo, ami," Maen akainuka.

"Marahaba. Umeniwekea mashine."

"Kaa kwanza, ami. Mimi nikueleze." Kiswahili cha Maen kilikuwa cha kuokoteza, lakini kwa Khelef alikitumia kila siku kwa heshima ya baba yake. "Nilifanya training kwenye hoteli moja kubwa sana. Chini yake kuna ukumbi wa kamari."

"Astaghfirullah."

"Mimi sikucheza, ami, wallahi. Kazi yangu ilikuwa mashuka. Lakini niliona kitu. Zamani pale mtu yeyote akikaa kucheza, hata mchezaji kidogo kidogo, analetewa kinywaji bure. Sasa wameacha. Nyuma ya mashine kuna taa. Ukicheza sana inawaka kijani, mhudumu anakuletea. Ukicheza kidogo inawaka nyekundu, basi ununue mwenyewe. Na watu bado wanakuja, hawajaacha."

Khelef akafikiri. "Na huyo wa nyekundu, anaambiwa nini?"

"Haambiwi kitu. Mhudumu anampita tu."

"Anampita."

"Ndiyo, ami."

"Yaani amekaa pale, anamwona mtu na sinia, na mtu anampita."

"Ami, ni biashara."

"Wale walikuwa wanawanywesha watu ili wawachune," Khelef akasema. "Baba yako aliwapa watu kahawa kwa sababu wamefika. Umetutafutia mwalimu kwenye kamari, mwanangu?"

Kijana uso ukamwiva, lakini hakurudi nyuma. Akasema msimu huu tu, wajaribu, inshallah mambo yatatengemaa. Khelef akatoka na mdila wake. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, maana alijijua. Asingeweza kumtazama mtu mkono kabla ya kumtazama uso, na asiyeweza hilo sasa hakuwa na kazi pale.

Ijumaa ilimkuta mlangoni kama kawaida. Asubuhi ilikwenda vizuri. Walikuja wa kijani watupu, Wataliano kumi, wakanywa, wakajifunza kutikisa, wakacheka. Karibu na saa nne ikaingia familia kutoka Sur, baba na mama na watoto wanne, na bibi yao, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu ambaye hajawahi kuuona mchanga huu ijapokuwa amezaliwa mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Watoto walikimbilia ngamia. Bibi alikuja taratibu mpaka kivulini, akasalimu, akamwona Khelef na mdila wake, akanyoosha mkono wa kulia kama anavyonyoosha mtu aliyefika kwa watu.

Na Khelef akautazama mkono. Hakutaka, macho yalikwenda yenyewe. Buibui lilikuwa limefunika mpaka vidoleni na utepe hauonekani, akasubiri, pengine sekunde mbili, finjani iko hewani kati yao. Bibi akaona anatazamwa mkono. Akadhani pengine ana uchafu. Akaugeuza, akautazama mwenyewe, mkono wa buibui ukapanda, na utepe mweupe ukaonekana. Mjukuu wake mkubwa, aliyerudi kumfuata, akasema, "Bibi, sisi si wa hapa. Sisi kule, kwenye mashine."

"Samahani, ndugu yangu," bibi akamwambia Khelef. "Sikujua." Na akaurudisha mkono ndani ya nguo.

Khelef alimmiminia, bila shaka alimmiminia, akamsihi, akamfuata na finjani mpaka mlangoni mwa gari. Bibi alikataa kwa adabu sana. Alisema ameshiba, amekunywa nyumbani. Akakaa garini mpaka wenziwe walipomaliza picha zao. Khelef alisimama pale na ile finjani mpaka ikapoa, na moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuumwa tangu siku walipomzika Yazeed. Miaka sitini na sita ameishi na hakuwahi kumfanya mtu aurudishe mkono wake.

Jumamosi asubuhi alivaa kanzu mpya akaenda Ibra mjini, nyumbani kwa Maen. Alikuwa ameshaamua. Alitaka kitu kimoja, finjani ya kwanza iwe ya kila anayefika, nyeupe na kijani na asiye na rangi. Ya pili na ya tatu wauziwe wakitaka. Akikataliwa, haingii tena kambini. Kuomba kwa mdomo hakutaka, kijana aliyempakata akiwa mchanga asije akambembeleza. Lakini njia ya kuomba bila ya kubembeleza ipo, na Khelef aliijua kuliko watu wote.

Maen alimpokea kwa furaha ya kweli. Akamkalisha mahali pa heshima, akaenda mwenyewe kuleta kahawa, akamimina. Khelef akaipokea finjani kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi, akaiweka chini juu ya zulia mbele ya goti lake. Akaikunja mikono. Akangoja.

Maen akaendelea kuzungumza habari za barabara. Baada ya muda akaitazama ile finjani.

"Ami, hujanywa. Imekuwa baridi?"

Khelef hakusema kitu. Ukishaiweka chini husemi.

"Ngoja nibadilisha." Akaichukua, akaimwaga, akaleta nyingine ya moto. Khelef akaipokea, akaiweka chini pale pale. Maen akaingiwa na wasiwasi. "Ni daktari, ami? Presha? Mimi nina ile isiyo na nguvu." Akaenda akarudi na ya tatu, na kijisahani cha sukari, maskini, jasho linamtoka kwa jinsi anavyojitahidi. Khelef akaiweka chini. Kijana akasimama katikati ya chumba, mikono haijui iende wapi, mwisho akasema, "Basi nitakuletea chai ya maziwa."

Hapo Khelef alitaka kucheka na alitaka kulia. Alimwona baba yake mzee Nadhir, na alijiona mwenyewe yuko jikoni ana umri wa miaka kumi na sita, anasuuza finjani mbiombio. Angeweza kumweleza. Lakini haja ikishaelezwa namna yake haina tena thamani, inakuwa ombi kama maombi mengine, na uchungu wa bibi wa Sur ulikuwa bado mbichi. Akainuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Kambini hakurudi.

Wiki tatu alikaa nyumbani. Alirekebisha kitasa cha mlango ambacho hakikuwa kibovu. Alimfundisha mkewe kupika wali, kazi ambayo Bi Rahila ameifanya miaka arubaini.

"Baba Nada," Bi Rahila akamwambia, "ungelisema tu. Mtoto hajui mambo ya Mabedui, amekulia kwenye lifti."

"Baba yake alijua."

"Baba yake amekufa. Mwenye kujua ni wewe, na wewe umenuna."

Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa hivyo hakumjibu mpaka alasiri.

Kambini huku nyuma, kama Shukriya alivyokuja kumhadithia baadaye, Maen alikuwa haelewi kabisa kilichompata mzee wake. Siku moja mapokezi alimwambia Shukriya, "Ami Khelef alikuja kwangu akakataa kahawa yangu mara tatu. Aliiweka chini tu. Sijui nimemkosea nini." Shukriya ni binti wa Al Mintirib, babu yake Bedui wa mchanga. Aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akamketisha bosi wake chini akamweleza, na Maen, alisema Shukriya, aliinamisha kichwa juu ya kaunta akakaa hivyo muda mrefu.

Alkhamisi baada ya sala ya alasiri Maen akabisha hodi kwa Khelef. Safari hii alivaa kilemba, kimekaa upande. Bi Rahila alimkaribisha, akaenda kuteleka kahawa, halafu akakaa nyuma ya pazia kama wafanyavyo wanawake wenye akili. Khelef akaushika mdila wake, akamimina, akampa mgeni. Maen akaipokea kwa mkono wa kulia. Akaiweka chini juu ya zulia, mbele ya goti lake, akaikunja mikono yake.

Wiki tatu za kununa zilimyeyuka Khelef pale pale. Mtoto amejifunza, na amekuja kuomba radhi kwa mlango wenyewe hasa.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu," akasema. "Haja yako imekubaliwa."

Maen akanywa, akaitikisa finjani, akairudisha. Kisha akasema haja yake.

"Nataka urudi, ami. Wageni wa kijani wanakuuliza kila siku. Nimekutengenezea hema peke yako, kule ndani, zuri. Utawamiminia wa kijani tu. Wa nyeupe hutawaona kabisa, kwa hivyo hutaona uchungu. Nimefikiri sana, wallahi. Nimeona hivi itakuwa rahisi kwako."

Nyuma ya pazia Bi Rahila alivuta pumzi. Khelef alibaki na mdila mkononi. Kijana hakumtega, uso wake ulionesha wazi. Alikuwa ameleta alichodhani ni wema. Na Khelef ameshakubali, kwa mdomo wake, nyumbani kwake, kwa mila aliyoililia mwenyewe. Akisema hapana sasa, yote aliyoyanunia yanakuwa mchezo wa watoto.

Akaitazama ile finjani tupu. Lau angelikuwa yeye ndiye mgeni, angeiweka chini sasa hivi. Lakini mwenye nyumba hana haki hiyo, ni ya mgeni peke yake.

"Nitarudi," akasema. "Nimeshasema imekubaliwa. Nitawamiminia wa kijani."

"Shukran, ami. Allah akuweke."

"Kesho asubuhi utakuwepo nyumbani kwako?"

"Nitakuwepo. Kwa nini?"

"Nataka kuja kukutembelea."

"Karibu, ami, ahlan wa sahlan, nyumba yako," Maen akaitikia upesi, kama anavyoitikia mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Halafu macho yake yalishuka kwenye finjani, yakaenda kwenye zulia pale alipoiweka, yakapanda taratibu mpaka usoni mwa Khelef. Khelef ameuweka mdila kando, anamtazama kwa upole, mikono ameikunja.

Maen alikuwa anahesabu gari arubaini kichwani, ilionekana. Alikuwa pia, pengine, anamwona mtu na sinia anapita.

Mwisho akainuka, akamshika Khelef mkono, akaubusu. Akaenda mpaka mlangoni, akavaa viatu, akakiweka sawa kile kilemba kilichopinda.

"Njoo mapema, ami," akasema bila ya kugeuka. "Njoo saa mbili. Watu wa Sur wanaanza kufika saa nne."